“Jalada halipo”: kutafuta kumbukumbu za ndoa na mirathi katika mahakama za Moshi na Arusha

Kazi yangu ni kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa Moshi mjini, jirani na mahakama. Wateja wangu ni wa aina mbili: wanaokwenda masijala, yaani ofisi ya mahakama inayotunza majalada, na wanaotoka masijala wamenuna. Hao wa pili ndio walionifundisha haya ninayoandika. Majalada yaliyopotea kweli nimeyaona, ila ni machache. Mengi yapo kwenye rafu. Tatizo ni kwamba mwombaji aliuliza kwa jina lisilo lenyewe, mwaka usio wenyewe au mahakama isiyo yenyewe, na karani mwenye foleni ya watu ishirini hana nafasi ya kukubashiria.

Nimepanga kwa dalili, maana yake kwa jibu ulilopewa dirishani. Ruka hadi lako.

“Hapa hatuna shauri hilo”

Hili ndilo jibu la kawaida kuliko yote, na mara nyingi ni la kweli: hawana kwa sababu halikufunguliwa hapo.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu shauri la ndoa kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Mume na mke waliokuwa wakiishi Majengo, hapa Moshi, wanaweza kuwa wameachana kwenye mlango wowote kati ya hiyo minne. Ukiuliza mmoja tu ukarudi nyumbani, umefanya robo ya kazi.

Mirathi ina mtego wake. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu, na inayoangaliwa ni mahali marehemu alipokuwa akiishi, wala si alipozikwa. Wachaga tunazika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo nyumbani. Mzee amefanya kazi Arusha miaka thelathini, amezikwa Rombo, watoto wanakwenda kutafuta faili huko Rombo, mjini Mkuu, na hawalioni. Lipo Arusha. Na kama alikuwa akiishi Dar es Salaam, usihangaike Kilimanjaro kabisa. Tangu 2021 kuna Kituo Jumuishi cha Temeke kinachoshughulikia mambo ya familia, na ya kabla ya hapo yanafuatwa kwenye mahakama ya eneo alilokaa.

Arusha nayo ilipata Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki mwaka huohuo wa 2021, ngazi kadhaa za mahakama zikawekwa ndani ya jengo moja. Kwa hiyo jengo unalolikumbuka wewe, ulikokwenda na mama yako ukiwa darasa la sita, huenda leo halina hata kabati. Uliza kwanza majalada ya zamani ya mahakama ile yalihamishiwa wapi.

Halafu kuna mipaka. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Shauri la Babati, Mbulu, Hanang’, Simanjiro au Kiteto la kabla ya hapo lilikuwa la mkoa wa Arusha, na rufaa yake ilipanda Mahakama Kuu Arusha. Siha ilitoka Hai, Longido ikatoka Monduli. Usiulize kwa ramani ya leo. Uliza kwa ramani ya mwaka wa shauri.

Na mwisho, ambalo watu hawapendi kuambiwa: huenda haikuwa kesi ya mahakamani. Katika familia neno “kesi” linabeba kila kitu. Nimeshakaa na mzee aliyeapa kwamba kesi ya kihamba ilikatwa mahakamani, na ilipochimbuliwa ilikuwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lina masijala yake peke yake. Wengine walikuwa Baraza la Kata, wengine Bakwata, wengine kwa wazee wa kanisa, wengine kwenye kikao cha ukoo kilichoandikwa muhtasari na kugongwa mhuri wa mtendaji. Yote hayo ni karatasi halali kwa mahali pake, lakini hutazikuta masijala ya mahakama. Dalili ya haraka: uliza kama kulikuwa na hakimu. Kama familia inakumbuka “mwenyekiti” tu, tafuta kwingine.

“Nimeangalia rejesta, jina halimo”

Hapa ukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo majalada mengi hufichwa bila mtu kuyaficha.

Rejesta za zamani ziliandikwa kwa mkono, na karani aliandika alichosikia. Massawe akawa Masawe. Lyimo akawa Limo. Mmari akawa Mari. Ukienda Arusha na Meru, Nnko akawa Nko, Pallangyo akapoteza l moja, Laizer akawa Laiser. Majina ya ubatizo ndiyo balaa: Elibariki na Eliberiki wako kurasa mbili tofauti. Andika kwenye kikaratasi namna zote unazoweza kufikiria za kuandika jina hilo, mpe karani kikaratasi. Usimtajie kwa mdomo, atasikia kama yule wa mwaka 1994 alivyosikia.

Kisha angalia nani alikuwa nani. Shauri la ndoa huandikwa kwa jina la aliyefungua kwanza. Mama akitafuta talaka yake kwa jina lake, na aliyefungua ni mume, hataliona kwa haraka. Jina lake liko upande wa pili wa mstari, baada ya neno “dhidi ya”. Na pengine halikuandikwa jina la kwao, liliandikwa la ubini wa mume. Mirathi ni kinyume: hutajwa kwa jina la marehemu. Watoto wengi huuliza kwa jina la baba mdogo aliyeteuliwa msimamizi, kwa sababu ndiye wanayemkumbuka akipanda na kushuka mahakamani. Uliza kwa jina la marehemu, na uliandike lile alilojulikana nalo kazini au kwenye benki, siyo “Baba Nai”.

Mwaka. Namba ya shauri hubeba mwaka wa kufunguliwa. Shauri Na. 17 la 2011 linaweza kuwa limehukumiwa 2014. Watu hukumbuka hukumu, maana ndiyo iliyouma. Basi ukikumbuka 2014, rudi nyuma hadi 2010 kabla ya kukata tamaa.

Na aina ya rejesta. Baadhi ya mashauri ya ndoa ya Mahakama za Mwanzo, hasa ya zamani, yaliandikwa kama shauri la madai la kawaida. Karani akifungua rejesta ya ndoa peke yake, atakwambia halimo na hatakuwa amekudanganya. Muombe kwa upole aangalie na ya madai.

Neno “kwa upole” sikuliweka kwa mapambo. Masijala ni mahali pa salamu. “Shikamoo mama, pole na kazi, naomba unisaidie kuangalia mirathi ya marehemu baba, nimeleta majina yote hapa” hufungua rejesta mbili. “Nimetoka Dar, nina haraka” hufungua nusu ya moja.

“Leta namba ya shauri”

Huna, na ndiyo maana umekuja. Lakini namba huwa imebaki mahali. Angalia samansi ya zamani, risiti ya ada, au bahasha ya wakili. Kama ni mirathi, fikiria ni wapi msimamizi alipeleka Fomu Na. 4, ile ya kuteuliwa: benki, mfuko wa pensheni, ofisi ya ardhi, mwajiri wa marehemu. Kila mmoja wao alibaki na nakala, na juu ya nakala kuna namba na jina la mahakama. Nimeona familia iliyozunguka mahakama tatu kwa mwezi mzima ilhali namba ilikuwa kwenye faili la kiwanja, umbali wa daladala moja.

Kama shauri liliwahi kupanda Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, kuna njia nyingine ambayo ni ya bure. Fungua tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za mahakama hizo huwekwa, na utafute kwa majina. Ukiipata hukumu ya rufaa usikimbilie kusoma nani alishinda. Soma kichwa chake. Chini ya majina, ndani ya mabano, huandikwa rufaa hiyo imetokana na shauri gani: namba, mwaka, mahakama ya wilaya iliyosikiliza, na Mahakama ya Mwanzo ilikoanzia. Mistari miwili mitatu hiyo ni nasaba nzima ya jalada lako. Ichape, nenda nayo dirishani.

Hukumu nyingi za zamani hazimo humo, na za Mahakama za Mwanzo usizitegemee. Mashauri ya miaka ya karibuni yamo kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama, na karani anaweza kuyatafuta kwa jina kwenye kompyuta. Ya nyuma ya hapo ni rejesta na vumbi.

“Lilikuwepo, lakini lilitolewa”

Usipige kelele bado. Jalada huondoka kwenye rafu yake kwa sababu za kawaida. Kubwa ni rufaa. Upande mmoja ukikata rufaa, jalada halisi huitwa juu, na mara nyingine hukaa huko baada ya rufaa kumalizika. Mahakama ya Mwanzo inabaki na rejesta tu. Muulize karani kama kwenye rejesta au kitabu cha kupeleka majalada kuna tarehe na mahali lilikopelekwa. Ukipata hiyo tarehe, umeshinda nusu ya safari. Nenda mahakama ya juu ukiwa nayo, uliza kwa namba ya rufaa na si kwa namba ya chini, maana kule lilipewa namba mpya.

Sababu nyingine: liliitwa na hakimu mfawidhi, yaani hakimu mkuu wa kituo, kwa ukaguzi au kwa malalamiko, liko mezani kwa hakimu kwa sababu mtu ameomba msimamizi aondolewe, au lilirudishwa kwenye rafu ya mwaka mwingine. Hii ya mwisho huishia kwa mtu kukaa chini na kuchambua, na utamshukuru atakayekufanyia.

“Wewe si mhusika”

Kama jina lako si la mdai wala mdaiwa, karani ana haki ya kusita. Eleza kwa maandishi una maslahi gani. Mtoto wa marehemu ni mrithi, haombi hisani. Msimamizi wa mirathi hutakiwa kurudisha mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, ile Fomu Na. 5, na baadaye hesabu ya mgawanyo, Fomu Na. 6. Ukiwa mrithi, hizo ndizo karatasi za kuomba kuona, na kama hazimo ndani ya jalada, kutokuwemo kwake ni habari kubwa kuliko karatasi yenyewe. Beba cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA. Kama majina hayafanani, na katika mkoa huu huwa hayafanani, tengeneza kiapo cha majina, kinachosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kabla hujaenda. Utaombwa tu.

Mashauri ya watoto ni mlango mwingine. Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 husikiliza faragha, na kuasili mtoto kwa kawaida ni jambo la Mahakama Kuu ambalo kumbukumbu zake hazitolewi kwa kila anayeuliza. Huko usiende na barua yangu ya steshenari. Nenda na wakili au afisa ustawi wa jamii.

Umepata karatasi, lakini ofisi nyingine imeikataa

Dalili hii hunipa wateja wengi wenye hasira. Karani hakukosea. Uliomba kitu ambacho sicho.

Hukumu ni maelezo ya hakimu, sababu na uamuzi. Tuzo ni karatasi fupi inayotamka matokeo: ndoa imevunjwa, mali imegawanywa hivi. Mwenendo wa shauri ni kila kilichosemwa siku kwa siku. Mchungaji anayetaka kufungisha ndoa ya pili, au msajili wa ndoa pale bomani, anataka kuona kwamba ndoa ya kwanza ilivunjwa na mahakama, basi mpelekee tuzo pamoja na hukumu. Wakili wa rufaa atataka na mwenendo. Omba vyote kwa barua moja uokoe nauli.

Fomu Na. 3 ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa si talaka. Narudia kwa sababu nimeona mwanamke aliyeitunza miaka tisa kwenye Biblia akiamini ameachika. Fomu hiyo inasema tu kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Ni tiketi ya kuingilia mahakamani. Kama hakuna aliyekwenda mahakamani baada yake, hakuna jalada la kutafuta, na kwa sheria ndoa bado ipo.

Kuna pia wanaotafuta cheti mahali pa hukumu. Mahakama haitunzi vyeti vya ndoa. Daftari la ndoa na la talaka liko kwa Msajili Mkuu, ambaye ni RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwa wilaya huduma hupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Talaka ya mahakama inatakiwa kusajiliwa huko, na wengi hawajui, kwa hiyo mtu anakuwa na hukumu ya 2008 na daftarini bado ni mume wa mtu.

Lugha ni tatizo la mwisho hapa. Mahakama za Mwanzo zimeandika kwa Kiswahili siku zote. Za juu zilikuwa zikiandika kwa Kiingereza hadi sheria ilipobadilishwa 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Karatasi ikihitajika ubalozini, ulizia tafsiri iliyothibitishwa na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Tafsiri ya mjomba aliyesoma Makerere haipokelewi.

“Njoo wiki ijayo” mara ya tatu

Sababu mara nyingi ni kwamba uliomba kwa mdomo. Ombi la mdomo halina tarehe, na aliyelipokea amekwenda likizo. Andika barua kwa Hakimu Mfawidhi, au kwa Naibu Msajili kama ni Mahakama Kuu. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Ninayoichapa mimi ni hii, na haina ujanja wowote:

“Yah: Ombi la nakala katika Shauri la Ndoa Na. … la mwaka …, kati ya … na … Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mdaiwa katika shauri lililotajwa, lililoamuliwa na mahakama yako tarehe … Naomba kupatiwa nakala zilizothibitishwa za hukumu, tuzo na mwenendo wa shauri, kwa ajili ya … Nimeambatisha nakala ya kitambulisho changu. Nipo tayari kulipa ada itakayohitajika kwa mujibu wa kanuni.”

Kama huna namba, weka majina yote na miaka unayokadiria, na useme wazi unaomba pia kufanyiwa upekuzi. Kama kuna malipo, utapewa kontrol namba, unalipa kwa simu au benki. Fedha mkononi bila stakabadhi usitoe, hata ukiambiwa ni “ya karatasi”. Namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113 na kuipiga ni bure.

Anayetaka kukata rufaa asisubiri nakala akiwa amelala. Sheria ya Ndoa inatoa siku 45. Siku za kungoja nakala zinaweza kuondolewa kwenye hesabu, lakini utakachoonyesha ni ile barua yenye mhuri. Bila hiyo unabaki na maneno. Moshi kuna shirika la KWIECO, Arusha kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wanasaidia wasio na uwezo wa wakili. Nenda wiki ya kwanza.

Na ukitoka mbali, usije Desemba. Najua ndipo ukoo wote unapokuwa nyumbani na ndipo ugomvi wa kihamba unapoamka. Lakini Mahakama Kuu huwa mapumzikoni kuanzia 15 Desemba hadi 31 Januari, na mahakama za chini nazo hupungukiwa watu sikukuu. Nikiona gari la kutoka Dar lenye vumbi la Segera limeegeshwa mbele ya masijala tarehe 23, najua nitauza barua moja na soda mbili. Mwishoni mwa Januari, kuelekea Siku ya Sheria, mahakama hutoa elimu na ushauri bure kwa wananchi. Ukiweza kubaki hadi hapo, baki.

“Limepotea kabisa”

Omba jibu hilo kwa maandishi kutoka kwa hakimu mfawidhi. Karani akisema “limepotea”, ni maoni. Mahakama ikiandika, ni jambo la kushughulikiwa, na mara kadhaa nimeona barua ya namna hiyo ikilifanya jalada lionekane siku nne baadaye.

Likikosekana kweli, mahakama inaweza kuunda upya kumbukumbu kwa kutumia kilichobaki: rejesta, nakala za wahusika, za mawakili, za mahakama ya juu, za benki. Hapo ndipo kila fotokopi chakavu inapata thamani. Shangazi yangu mwenyewe jalada lake la mirathi lilikosekana katika mahakama moja ambayo sitaitaja. Kilichomwokoa ni Fomu Na. 4 aliyokuwa ameilamineti na kuitundika ukutani karibu na kalenda ya kanisa, sote tukimcheka.

Ukishakabidhiwa nakala, isome palepale dirishani. Hesabu kurasa. Angalia mhuri na sahihi ya uthibitisho, tarehe ya hukumu, na tahajia ya kila jina. Kosa la uchapaji husahihishwa kwa ombi kwa hakimu, na ni rahisi zaidi hakimu akiwa bado yupo kituoni. Wiki jana kijana alirudi kutoka Himo na tuzo safi kabisa, ya talaka ya watu wengine.